Barua ya wazi kwa wakubwa wa Maine Celtics na wa Jiji la Portland: nasi tulilala uwanjani

Waheshimiwa viongozi wa timu, na ninyi mnaoutunza ukumbi wa Expo kwa niaba ya wakazi wa Portland,

Salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Uvira, Kongo, pale milima inaposhuka hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Leo ni mkazi wa Portland katika jimbo la Maine, na usiku nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Kiingereza changu kinatosha kazini. Jambo hili lakini nimetaka kuliandika kwa Kiswahili, wenzangu walisome kwanza na waseme kama nimewasemea vizuri. Mwanangu mkubwa atawafasiria ninyi.

Sijaja na lawama. Nimekuja na ombi moja kuhusu historia ya timu yenu, na ili mlielewe ombi lenyewe, itabidi mnivumilie niisimulie historia hiyo kama ninavyoijua mimi. Nimeisoma, nimewauliza wazee ninaowahudumia, na sehemu yake nimeiona kwa macho yangu.

Mzee mmoja kazini kwetu ndiye aliyenifundisha kwamba mpira wa kikapu wa kulipwa haukuanza Maine na timu yenu. Kuanzia 1978 kulikuwa na Maine Lumberjacks, yaani Wakata Magogo, waliokuwa na makao yao kule Bangor na wakicheza katika ligi iliyoitwa CBA. Mwaka 1983 timu ile ikahamishiwa Massachusetts na kupewa jina jingine. Mzee huyo huisimulia habari hiyo kama mtu anayesimulia kufiwa. Timu ndogo ndivyo zilivyo hapa Marekani: leo ipo, kesho mwenye mali amekunja mkeka akaenda mji mwingine, na watoto waliojifunza majina ya wachezaji wote wanabaki nayo vichwani hawana pa kuyapeleka.

Kwa hiyo mwaka 2009 iliposemwa kwamba Portland itapata timu katika ligi ya maendeleo ya NBA, yaani ligi ndogo ya kukuzia wachezaji wa ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wenyeji waliipokea kama mvua baada ya kiangazi. Ligi yenyewe ilikuwa changa, imeanza mwaka 2001 na timu nane za majimbo ya kusini mashariki. Mashabiki waliombwa wapendekeze jina, na lililochaguliwa likawa Red Claws, Magando Mekundu, kwa heshima ya kambakoche, ambaye ndiye riziki ya wavuvi wa pwani hii. Hata mchezaji wa vichekesho anayewachangamsha watoto pembeni mwa uwanja akavalishwa vazi la kambakoche, akaitwa Crusher. Kocha wa kwanza alikuwa Austin Ainge, mtoto wa Danny Ainge aliyekuwa akiiongoza wakati huo Boston Celtics, timu ya NBA iliyokuwa ikiwaleta wachezaji wake Maine kukomaa. Rais na meneja mkuu wa kwanza alikuwa Jon Jennings, mmoja wa waanzilishi, aliyewahi kuwa kocha msaidizi wa Celtics. Jina hili la Jennings naomba mlishike, nitalirudia.

Na makao ya timu yakawa Expo. Jengo hilo la matofali la Park Avenue, jirani na uwanja wa besiboli wa Hadlock Field, lilijengwa mwaka 1914. Mwaka huo vita ya kwanza ya dunia ilikuwa ikianza, na kwetu Wajerumani na Wabelgiji walikuwa wakigombania ziwa. Linaingiza watu kama 3,000 hivi, wamebanana. Anayekaa safu ya mbele anasikia viatu vikilia sakafuni, anamsikia kocha akimkaripia mchezaji, anasikia hata mchezaji akihema. Nimeonyeshwa picha za kumbi kubwa za Boston na New York ambako mtu analipa pesa nyingi akaishia kutazama mchezo kwenye skrini. Expo mpira unaweza kukuangukia mapajani.

Wengi wa wachezaji waliopita hapo hawakukaa. Hilo ndilo lililonifanya niipende timu hii, na nitaeleza kwa nini. Avery Bradley aliletwa Januari 2011, akacheza michezo michache, akarudi Boston kuwa mlinzi wa kuogopwa. Marcus Smart alipitia hapa Desemba 2014 alipokuwa akirudi kutoka majeraha. Terry Rozier alikuja msimu wake wa kwanza. Kutoka Expo hadi Boston ni mwendo wa saa mbili kwa gari, hivyo mtu anaweza kufanya mazoezi asubuhi Portland na jioni akavaa jezi ya Boston. Simu ikilia, unafunga begi.

Msimu wa 2014–15 ndio ambao mashabiki wa zamani hawachoki kuusimulia. Kocha Scott Morrison alichaguliwa kocha bora wa ligi nzima. Mlinzi mdogo wa umbo, Tim Frazier, ambaye hakuna timu ya NBA iliyomchagua alipotoka chuo kikuu, akatwaa tuzo mbili kwa mpigo, ya mchezaji bora wa ligi na ya mchezaji bora kati ya walio katika msimu wao wa kwanza. Katikati ya msimu Philadelphia, timu nyingine ya NBA, walimwita kwa mikataba ya siku 10. Siku 10! Unapewa chumba cha hoteli, jezi na siku 10 za kuonyesha kwamba unastahili kubaki, zikiisha unapewa nyingine 10 au unarudishwa ulikotoka. Baadaye, Machi 2015, alichukuliwa na Portland ile nyingine, ya Oregon, mji ambao jina lake lilitokana na huu wetu.

Halafu msimu wa 2016–17 alikuwepo Abdel Nader, mzaliwa wa Misri, aliyechukua tena tuzo ile ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza. Msimu huo huo, kwenye benchi la makocha wasaidizi, alikaa kijana ambaye hata mashabiki waliokaa nyuma yake hawakumjua jina. Alikuwa Joe Mazzulla. Miaka saba baadaye, mwaka 2024, Mazzulla huyo aliipa Boston ubingwa wa NBA akiwa kocha mkuu, na katika kikosi chake walikuwamo Sam Hauser, Luke Kornet na Neemias Queta, wote watatu waliowahi kuvaa jezi ya Maine. Ubingwa wa Boston ulipikwa kwa kuni zilizotoka pia Park Avenue.

Sasa nifike kwangu.

Nilifika Portland Juni 2019, kwa basi, kutoka San Antonio katika jimbo la Texas. Kabla ya Texas kulikuwa na Meksiko, na kabla ya Meksiko nchi nyingi, ukiwamo ule msitu wa Darién baina ya Kolombia na Panama ambao sitauzungumzia hapa. Nilikuwa na watoto watatu na mfuko mmoja. Tuliteremshwa penye jengo kubwa la matofali, tukaingizwa ndani, na nilichokiona ni vitanda vya kukunja vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na blanketi lake. Mwanangu mkubwa, wakati huo ana miaka tisa, akatazama juu badala ya kutazama vitanda. Aliona goli la kikapu limekunjwa karibu na dari. Akaniuliza, “Mama, hapa ni shule?” Mzungu mmoja mzee, mmoja wa waliojitolea, alielewa kidole chake kilikoelekea. Akaigiza kudunda mpira, akaigiza kurusha. Mwanangu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Panama.

Kiangazi kile tulipita humo watu zaidi ya 400, wengi tukitoka Kongo na Angola. Kilichosikika humo usiku ni Kilingala na Kireno kuliko lugha nyingine yoyote. Sisi wa Kiswahili tulikuwa wachache, tulitafutana kwa sikio kama watu wanaotafutana gizani. Ukisikia mtu anambembeleza mtoto kwa “nyamaza, nyamaza”, unajua ni wa kwenu, unasogea. Kulikuwa na mama mmoja wa Kalemie aliyekuwa na kitanda karibu na changu. Jioni taa zilipopunguzwa, tulikaa chini kati ya vitanda vyetu tukasukana nywele, tukiongea taratibu ili tusiwaamshe watoto.

Watu wa Portland walitoa michango ya fedha iliyozidi dola 800,000. Walileta nguo, viatu vya watoto, nepi, mchele. Baadhi walifungua nyumba zao tukakae nao. Na aliyekuwa meneja wa jiji wakati mlango wa Expo unafunguliwa kwa ajili yetu alikuwa nani? Jon Jennings. Yule yule aliyeileta timu kwenye ukumbi huo mwaka 2009. Nilipoligundua hilo miaka mingi baadaye, niliweka simu chini nikakaa kimya. Mtu mmoja alihusika kuwaleta wachezaji humo, na mtu huyo huyo alikuwa kwenye kiti cha jiji sisi tulipolazwa humo. Sijui mnaweza vipi kuisimulia historia ya timu bila ya jambo hilo, maana uzi ni mmoja.

Nililala Expo usiku 57. Katikati ya Agosti tulihamishwa wote, ukumbi ukasafishwa, na Novemba mpira ukarudi.

Familia iliyotupokea ilitununulia tiketi jioni moja ya msimu ule. Sikutaka kwenda. Niliogopa kurudi ndani ya jengo lile, niliogopa mwili wangu utakumbuka mambo ambayo kichwa kilikuwa kimeyaweka kando. Lakini watoto walikuwa wameshavaa makoti. Tulipoingia, harufu ya sabuni ya dawa ilikuwa imeondoka, kulikuwa na harufu ya bisi. Muziki ulipigwa hadi nikausikia kifuani. Mwanangu akanishika mkono, akanipeleka mlangoni tena, akaanza kuhesabu hatua kutoka pale, polepole, kama alivyokuwa akihesabu usiku akitoka msalani ili asipotee kwenye safu za vitanda. Alisimama hatua ya ishirini na tatu, pembeni kabisa mwa uwanja. Akasema, “Mama, kitanda chetu kilikuwa hapa.” Pale pale mchezaji wa timu ngeni alikuwa akijinyoosha misuli.

Kisha akaingia Tacko Fall.

Ninyi mnamjua kwa takwimu. Mimi nitawaambia alivyoonekana kwa mtoto wa miaka tisa kutoka Kongo. Kijana mweusi, mzaliwa wa Dakar, aliyeiacha Senegali akiwa na miaka 16, mwenye urefu wa sentimita 226, akiinama kidogo kana kwamba anaomba radhi kwa urefu wake. Na watu wote wale, wazee wenye kofia za sufu, wasichana wa shule, wavuvi, wakasimama kumshangilia kwa jina lake. Walitaka aingizwe mchezoni. Alipoingia walipiga kelele, na alipodumbukiza mpira kikapuni karibu bila ya kuruka, mwanangu alinigeukia na uso ambao sitausahau. Tangu tuondoke nyumbani alikuwa amejifunza kwamba Mwafrika anapoingia mahali, watu huuliza karatasi zake. Jioni ile aliona watu wakisimama kwa furaha.

Tacko Fall mwaka ule alikuwa na mkataba wa pande mbili. Sheria ilimruhusu kukaa na Boston siku 45 tu, muda uliobaki awe Maine akisubiri. Mimi nami nilikuwa na hesabu ya siku zangu. Mwomba hifadhi haruhusiwi kufanya kazi moja kwa moja. Lazima siku 150 zipite tangu alipowasilisha maombi yake ndipo aombe kibali, na 180 zitimie ndipo akipate. Kila usiku nilikuwa nikizihesabu. Nilipofafanuliwa mkataba ule na mume wa nyumba iliyotupokea, nilimwelewa yule kijana mrefu kuliko nilivyowaelewa watu wengi niliokuwa nikiishi nao. Wanaocheza katika ligi hii wanaijua hali ya mtu aliyekwisha kufika, akaambiwa bado hajafika. Msimu wa 2018–19 mshahara wa kawaida wa mchezaji asiye na mkataba wa NBA ulikuwa dola 35,000 kwa msimu mzima, na anaishi na begi lililofungwa nusu. Ndiyo maana nilisema nitaeleza kwa nini niliipenda timu hii. Ni timu ya watu wanaosubiri.

Mwaka huo huo wa 2019 Boston Celtics waliinunua timu. Machi 2020 korona ikaukata msimu katikati. Msimu uliofuata ligi ilikusanyika Florida pamoja na baadhi tu ya timu, na Maine haikuwamo, kwa hiyo Expo ikakaa mwaka mzima bila ya mchezo wa ligi. Mwaka 2021 jina la Red Claws likaachwa, ikawa Maine Celtics. Mzee wangu wa kazini alihuzunika. Alisema kambakoche ni wa hapa, jina jipya ni la watu wa Boston. Mimi nilimwambia kwamba angalau Crusher amebaki, na kwamba timu ambayo Boston wanaimiliki haitahamishwa kirahisi kama Wakata Magogo wake wa Bangor. Hakukubali, ila alitabasamu.

Kuna msimu mmoja ambao kwetu Wakongo ni wa pekee, wa 2022–23. Alikuja Mfiondu Kabengele. Amezaliwa Kanada, wazazi wake ni wa Kongo, na mjomba wake ni Dikembe Mutombo. Hamwezi kujua jina la Mutombo lilivyo kwetu. Watu wa Marekani wanamkumbuka kwa kidole chake alichokuwa akikitikisa kila alipozuia mpira. Sisi tunamkumbuka kwa hospitali aliyoijenga Kinshasa na kuipa jina la mama yake, ikafunguliwa mwaka 2007. Alipofariki Septemba 2024, Wakongo wa mji huu walilia, wa Kilingala na wa Kiswahili pamoja. Basi kumwona mpwa wake anacheza Park Avenue, hatua chache kutoka kilipokuwa kitanda changu, ilikuwa kama ndugu amekuja kututembelea na hakupiga hodi. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alijua kila pointi ya Kabengele kwa kichwa.

Msimu ule ulipokwisha, Aprili 2023, vitanda vilirudi.

Sikuamini nilipopigiwa simu. Karibu watu 300, familia nyingi zenye watoto wadogo, na tena wengi walitoka Kongo na Angola. Safari hii nilikwenda nikiwa mtu wa upande wa pili wa meza. Nilitoka kazini asubuhi, nikanywa chai, nikaenda Expo kusaidia kutafsiri. Nilimkuta msichana wa Fizi, miaka kumi na tisa, na mtoto mchanga mgongoni, anatazama juu. Nilijua anachokitazama. Nikamwambia kwa Kiswahili, “Dada, hapa panachezwa basketi. Mimi pia nililala hapa.” Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambulisho cha kazi kilichokuwa shingoni kwangu, akaniuliza kama nasema kweli. Nikampeleka mlangoni, nikahesabu hatua ishirini na tatu.

Kilikuwa kiangazi kigumu kuliko kile cha kwanza. Nyumba za kupanga zilikuwa zimekwisha, na watu walikaa humo wakiwa na wasiwasi wa kesho. Agosti wakahamishiwa hotelini, Freeport na Lewiston. Kisha, kama mara ya kwanza, ukumbi ukasafishwa na mpira ukarudi. Na msimu huo uliofuata, wa 2023–24, ndio timu ikafika mbali kuliko ilivyowahi kufika katika maisha yake yote. Ilichukua ubingwa wa upande wa mashariki, ikaenda fainali ya ligi dhidi ya Oklahoma City Blue, ikashinda mchezo mmoja na kupoteza miwili. Mwaka uliofuata JD Davison akatangazwa mchezaji bora wa ligi, wa pili kutoka Maine baada ya Frazier.

Hiyo ndiyo historia ya timu yenu kama ninavyoisimulia mimi kwa wanangu. Ombi langu ni kwamba nanyi muisimulie hivyo. Mtakapoandika kitabu cha miaka ya timu, mtakapopanga picha ukutani, mtakapotimiza miaka 20 mwaka 2029 na kuwaita makocha na wachezaji wa zamani, viangazi vile viwili viwekwe mahali pake, baina ya msimu mmoja na mwingine, ndivyo vilivyotokea. Visiwekwe kwenye ukurasa wa misaada kwa jamii mwishoni kabisa. Viwekwe kwenye mpangilio wa miaka: msimu wa 2018–19, kisha watu 400, kisha msimu wa 2019–20.

Najua mtu atasema: mama, ile ilikuwa kazi ya jiji, timu haikuhusika, na kulala si kucheza. Ni kweli. Lakini naomba afikirie. Wachezaji waliovaa jezi ya Maine kwa michezo miwili mitatu wanahesabiwa kuwa watu wa Expo, na ni haki yao, walitoa jasho pale. Mimi nilikuwa humo usiku 57. Mwanangu mdogo alijifunzia kutembea humo, akishika ukingo wa kitanda kimoja hadi kingine. Mama wa Kalemie alipata habari humo kwamba kaka yake amefariki, na sote wa Kiswahili tulikaa naye chini hadi alfajiri, kwa kuwa matanga hayahitaji nyumba. Sakafu ile imebeba vilio vyetu pamoja na shangwe zenu. Na wenyeji wa jiji walioingia na masufuria ya wali kiangazi ndio hao hao walioingia na tiketi Novemba. Nimewaona. Bibi aliyekuwa akigawa taulo mwaka 2019 anakaa kila mchezo karibu na benchi la wageni, na akituona anatupungia mkono.

Wala siandiki haya ili kuwaomba tiketi za bure. Mimi nalipa, na wenzangu wengi tunalipa, tunajaza safu nzima siku za Jumamosi. Vijana wetu wako kwenye timu za shule za mji huu. Mwanangu mkubwa sasa ni mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima na anacheza mlinzi. Maine ndiyo jimbo lenye wakazi wa umri mkubwa kuliko majimbo yote ya Marekani, na mimi nayaona hayo kila usiku ninapogeuza wazee vitandani mwao. Wanaotaka kujua nani atakaa kwenye viti vya Expo miaka thelathini ijayo, waje watazame safu yetu.

Ninachokiomba kiwe kibao kimoja, si kikubwa, karibu na mlango, mahali pa kuanzia hatua ishirini na tatu. Na kiandikwe kwa lugha zilizosikika humo usiku: Kilingala, Kireno, Kifaransa, Kiswahili, pamoja na Kiingereza. Kilingala wapo wa kukiandika vizuri kuliko mimi, nitawatafuta. Kiswahili nimekiandika mwenyewe baada ya zamu jana, nikakisoma kwa sauti kwa yule dada wa Fizi, ambaye sasa anakaa Lewiston na mtoto wake anaenda shule. Alibadilisha neno moja. Mimi nilikuwa nimeandika “walihifadhiwa”, yeye akasema hapana, andika “walilala”.

Basi kinasomeka hivi:

“Katika ukumbi huu, Juni hadi Agosti 2019, na tena Aprili hadi Agosti 2023, walilala watu waliotoka mbali, wengi wao kutoka Kongo na Angola, wakiwa na watoto wao. Watu wa Portland waliwaletea chakula, nguo na blanketi. Walipoondoka, timu ilirudi kucheza, na baadhi yao walirudi kutazama.”

Wenu kwa heshima,

Mama mmoja wa Uvira na wa Portland